Kikapu cha Mgonjwa

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, mlinizunguka pale ukutani mkaniuliza: "Mzee Yeremia, ni haki gani mtu mwenye afya, ambaye hajaugua tangu Krismasi, akatwe mshahara kwa ajili ya hospitali?" Mmoja wenu akaongeza kwamba yeye hata hajui mlango wa hospitali ya Kapkatet unaelekea wapi. Mkacheka wote. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai. Sasa nimekunywa. Nawajibu kwa maandishi, kwa kuwa nikisema kwa mdomo mtanikatiza.

Nilikuwa dresa. Neno hilo limezeeka pamoja nami, kwa hiyo nalieleza. Dresa alikuwa mtu wa kusafisha vidonda, kufunga bendeji, kugawa kwinini, na kujua ni nani wa kubebwa kwa machela hadi kwa daktari na ni nani wa kunyweshwa uji alale. Kazi hiyo niliifanya tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, ukitoa miezi michache ambayo nitawaambia niliipotezea wapi. Kwa yote namshukuru Mungu, hata kwa hiyo miezi.

Swali lenu si jipya. Sisi tuliliuliza kwanza, katika shamba la chai huko juu Kimulot, karibu na msitu wa Mau, kabla ya vita vya pili. Tuliliuliza mchana, mbele ya mizani, huku majani yakipata joto ndani ya vikapu.

Kwanza niwaeleze tikiti, maana ninyi mnapokea mshahara mwisho wa mwezi na kudhani ndivyo ilivyokuwa tangu Nuhu. Sisi tulipewa karatasi ngumu yenye vyumba thelathini. Ukifikisha uzito wa majani uliotakiwa kwa siku, karani anatia alama katika chumba kimoja. Vyumba vikijaa, unalipwa. Siku uliyougua, chumba chako kinabaki kitupu. Dawa ilikuwa ya bure, hilo sikatai. Kwinini ya bure, aidini ya bure, bendeji ya bure, niliyoifua kwa mikono yangu hii. Lakini ugonjwa wenyewe alilipia mgonjwa, kwa siku zake. Na tikiti haikungoja milele. Ikipita muda wake bila kujaa, uliitwa ofisini, ukaondolewa posho, ukatolewa katika nyumba za laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, ukaambiwa nenda kwenu ukaugulie huko.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Zakaria, mtu wa kwetu Kisii. Katika vita vya kwanza alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, na huko akajifunza kufunga vidonda kwa kuwatazama wengine wakifunga. Hakujua kusoma. Alikuwa ameshika dispensari ile miaka mingi nilipofika mimi kutoka misheni, mwembamba, suruali fupi imenyooka, na barua ya sifa mkononi. Kwa kuwa mimi nilijua kuandika na yeye hakujua, meneja alinifanya dresa, Zakaria akawa msaidizi wangu wa kuchemsha maji. Mtu mwingine angenichukia. Yeye alinitazama kuanzia viatu akasema, "Vizuri. Wewe andika, mimi nitatibu. Mungu atajua nani ni nani."

Nilichojua mimi kilikuwa majina ya dawa. Watu wenyewe aliwajua yeye. "Kabla hujagusa paji la uso, gusa miguu," aliniambia. Kichwa kikiwa moto na miguu baridi, homa bado inapanda, mfunike. Vyote vikiwa moto, imefika juu, mfunue. Kidonda kinuse kabla hujakitazama, maana jicho hudanganywa na damu lakini pua haidanganywi. Na hili nalo, nimelitumia mpaka siku ya mwisho ya kazi yangu: anayepiga kelele kwamba anakufa mpe kiti, asiyesema kitu mpe kitanda.

Nilikosea mara nyingi. Meneja wetu, ambaye watu walimwita Bwana Kengele kwa sababu kila kitu alikipigia kengele, kazi, posho, hata chakula cha mbwa wake, alikuwa ametoa amri kwamba kila anayekuja dispensari asubuhi anyweshwe kwanza kikombe cha chumvi ya kuharisha. Alisema mvivu ataona haya, mgonjwa wa kweli atavumilia. Amri ilikuwa imeandikwa na kubandikwa mlangoni. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, kilichoandikwa nilikifuata. Nikamnywesha mtu mmoja wa Soin aliyekuwa na kichomi, ambaye hata kupumua kulimshinda. Nilipomgeukia wa pili, Zakaria alininyang'anya kikombe akakinywa chote mbele yangu, mpaka tone la mwisho.

"Sasa mimi ndiye mvivu," akasema akijifuta mdomo. "Niandike."

Siku ile hatukumwona ila akikimbia. Yule mtu wa Soin tulikaa naye siku kumi, akapona. Kutoka siku ile chumvi ilianza kupungua kwenye chupa kwa namna ambayo Bwana Kengele hakuielewa, kwa sababu tuliimwaga nyuma ya jengo, na majani ya pale hayakuota tena.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la chumvi. Kosa langu kubwa lilikuwa la ukweli.

Palikuwa na mchumaji mmoja kutoka ziwani, jina lake Odera, mrefu, mcheshi, mtu wa kuimba besi kwenye ibada yetu ya laini. Alipata kidonda cha mguu, vile vidonda vilivyokula watu wakati ule: kinaanza kama mkwaruzo wa kijiti, baada ya wiki kinaingia kiganja kizima. Zakaria alikinusa akatikisa kichwa. "Huyu asikanyage. Akilala na tukimsafisha kila siku, mguu utapona. Akitembea, tutaukosa." Ninyi mnajua njia ya kushuka kutoka Kimulot mpaka ziwani. Kama Odera angefukuzwa, angeitembea ile njia yote kwa mguu ule. Basi kila kitu kilikuwa ndani ya tikiti yake. Ikijaa, atakaa katika nyumba yake, atakula posho, atafunguliwa na kufungwa bendeji kila asubuhi. Isipojaa, mguu utaachwa njiani.

Na tikiti yake ilikuwa inajaa. Niliiona mwenyewe pale kitandani kwake: alama mpya kila siku, na mtu amelala. Nikashangaa. Nikaenda mizanini kutazama.

Huko ndiko nilikojua habari ya kikapu cha mgonjwa. Mtu akiugua, wenzake wa mstari wake walichukua kikapu chake asubuhi, wakakiweka mwisho wa mstari. Kila aliyepita aliangusha konzi moja ya majani, na akirudi konzi nyingine. Kufika mchana kilikuwa na uzito wa siku. Karani alipoita nambari ya mgonjwa hakuna aliyejibu "nipo." Walikisukuma tu kikapu mbele, kikapimwa, na karani akaandika. Watu wa ziwani walitucheka sisi kwa ndizi zetu, sisi tuliwacheka kwa samaki wao, na Wakipsigis walitucheka wote kwa kuja kutetemeka kwenye baridi yao. Lakini kikapu kile kiliwekwa majani na wote. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa wapi. Aliyeweka leo alijua naye ataugua.

Hata nyapara wetu, Arap Tonui, Mkipsigis wa hapa hapa, alijua. Nilipomuuliza alisema, "Dresa, Mungu alinipa macho. Lakini alinipa pia shingo ya kugeuzia kichwa."

Mimi sikuwa na shingo hiyo. Nilikuwa nimefundishwa kutoshuhudia uongo, na nililishika jambo hilo kama mtoto anavyoshika kalamu, kwa nguvu mpaka inavunjika. Usiku sikuwa na amani. Wiki ile ile Bwana Kengele alipita dispensari na kitabu chake akaniuliza, "Dresa, kitabu yako nasema Odera gonjwa. Tikiti yake nasema Odera nafanya kazi. Kweli gani?"

Ningeweza kusema, "Bwana, muulize karani." Ningeweza kukohoa. Nilimweleza yote, tangu konzi ya kwanza mpaka ya mwisho, tena kwa ufasaha.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alipiga kalamu mezani, akasema, "Kumbe hawa nayo majani ya kutupa." Kesho yake asubuhi, kengele ilipolia, Arap Tonui alisimama mbele ya watu akatangaza kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu ya ndugu yake. Kuanzia siku ile kikapu kisicho na mwenyewe hakitapimwa. Na kwa kuwa wafanyakazi wameonekana kuwa na nguvu ya kusaidia wagonjwa, basi watasaidia dispensari: katika kila tikiti, siku mbili zitakuwa za dawa. Wachumaji wote. Wanyapara, makarani na wakubwa hawamo, kwa kuwa wao hawana tikiti.

Siku mbili za mtu anayepata kidogo. Na wale wanaopata zaidi, hata saa moja hawakudaiwa. Hapo, wajukuu zangu, ndipo mtu anapaswa kufungua macho. Swali halikuwa dawa ilipiwe au isilipiwe. Swali lilikuwa aanze nani.

Nilikuwa narudi dispensari nilipokutana na Mama Akinyi. Huyu alikuwa mke wa Odera, mchumaji kama yeye, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyochuma mara mbili ya mwanamume yeyote. Alisimama katikati ya njia, kikapu mgongoni.

"Dresa. Ndiyo maana siku hizi unatembea mpaka mizanini?"

"Mama, sikudanganya."

"Sijasema umedanganya. Nimekuuliza ulimwambia nani."

Nikatazama viatu vyangu.

"Sisi tulikuwa tunakuombea wewe," akasema. "Kila Jumatano. Bwana, mbariki dresa wetu, mikono yake ni myepesi. Tukasahau kuombea mdomo."

Akapita. Nilimweleza Zakaria, nikitumaini ataniambia kwamba mbele za Mungu niko sawa. Alikuwa anachemsha bendeji. Hakugeuka. "Ukweli ni dawa," akasema. "Mimi nimekufundisha kupima dawa kwa kijiko. Wewe umempa mtu asiyeugua chupa nzima."

"Sasa nifanye nini? Niseme uongo?"

"Nani amekuambia hivyo? Umesema ukweli nusu. Ulimwambia vikapu ni vya nani? Ulimwambia nani alimeza kwinini ya hapa? Ukianza kusema kweli, mwanangu, usiishie kwa maskini."

Nikaenda kumfunga Odera mguu. Kwa kuwa nilimpenda, nilitaka anitukane. Yeye alitazama dari akasema, "Omera, ndugu yangu, funga vizuri. Kama nitatembea mpaka nyumbani, angalau bendeji ifike."

Sasa niwaambie jambo kuhusu majani ya chai ambalo wengi wenu mnaofanya kazi ofisini hamlijui. Jani lililochumwa halijafa. Linapumua. Ukilishindilia kikapuni na kuliacha, linaanza kupata joto lake lenyewe, kutoka ndani, na kabla ya jioni limegeuka rangi ya shaba na kunuka kama tunda lililooza. Kiwanda hakilitaki. Ndiyo maana tulipima mchana na tena jioni, na mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa tayari. Mchumaji mzuri hahitaji saa. Anatia mkono kikapuni mpaka kiwiko na kujua muda uliobaki, kama mimi ninavyogusa miguu ya mwenye homa.

Siku ile ya amri watu walichuma kama kawaida. Hakuna aliyegoma, hakuna aliyeinua sauti. Mchana wakaleta vikapu, wakavipanga mbele ya mizani mistari mitatu mizuri, wakarudi nyuma hatua kumi wakakaa kwenye nyasi. Mimi nilikuwa nimeitwa pale na kitabu changu cha wagonjwa, ili nimwonyeshe nyapara ni vikapu vipi havina mwenyewe.

Karani akaita nambari ya kwanza.

Watu walibaki wamekaa, wakichezea nyasi.

"Kikapu hiki ni cha nani?" akauliza Arap Tonui.

"Cha mgonjwa," akasema Mama Akinyi kutoka kwenye nyasi.

"Hiki?"

"Cha mgonjwa," akajibu mwanamume mwingine.

"Na hiki chenye utepe mwekundu? Hiki ninakijua, ni chako wewe!"

"Kilikuwa changu asubuhi, mzee. Sasa ni cha mgonjwa."

Wakaenda hivyo mstari wa kwanza wote, na wa pili. Kuna mahali watu walianza kucheka, na hata karani alijificha nyuma ya daftari. Arap Tonui alijaribu kukunja uso ukakataa. "Basi pakieni mkokotenini," akasema. Hakuna aliyeinuka. Amri ilikuwa amri: kikapu kisicho na mwenyewe hakipimwi, na jani lisilopimwa haliendi kiwandani. Waliitii. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakiitii kabisa, na kila mmoja wao alijua kwamba siku yake ya tikiti imewekwa rehani pale.

Mwanzo nilikuwa nikitazama mguu wa Odera tu akilini. Baadaye nikatazama wale watu. Kila mmoja alikuwa ameleta kazi yake ya tangu asubuhi, akaiacha ioze kwa ajili ya mtu mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama upande wa mizani nikiwa na viatu.

Bwana Kengele alikuja kwa pikipiki. Aliambiwa. Hakuamini, akauliza mwenyewe, na akajibiwa vile vile, tena kwa adabu, kofia zimevuliwa. Akatia mkono katika kikapu. Akautoa haraka, akatazama jua, akatazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika juu ya Mau kwa mvua ya mawe ya alasiri. Mimi nilitia mkono katika kikapu kilichokuwa karibu nami. Kilikuwa vuguvugu, kama shingo ya mtoto anayeanza homa. Saa moja zaidi na hakuna kitakachouzika.

Ndipo aliponiona.

"Dresa! Wewe mtu ya Mungu. Wewe hapana jua uongo. Sema mbele yao: gonjwa nani?"

Nimesali sala nyingi maishani. Ile ilikuwa fupi kuliko zote. Sidhani kama ilifika neno la pili.

"Bwana," nikasema, "mgonjwa wa leo unamjua. Ni Odera. Hawa wengine wataugua baadaye, mmoja mmoja, kila mtu na siku yake. Mimi ninawatibu, ninajua. Vikapu ni vyao. Kila kikapu hapa kina wenyewe, na wenyewe wamekaa pale."

"Na dawa? Dawa ghali! Nani nalipa dawa?"

"Walioimeza, Bwana."

Uso wake ulifunguka. "Ee! Sawa! Sikia dresa yenu! Aliyemeza, nalipa."

"Basi niwasome," nikasema, nikafungua kitabu. Hati yangu ilikuwa nzuri, ilisomeka. Nilisoma wachumaji, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyesomwa aliitika. Nikasoma karani: mara mbili, tumbo. Karani akashusha daftari. Nikasoma Arap Tonui: kwinini, siku nne. "Kweli," akasema Arap Tonui, "na ilikuwa chungu." Kisha nikageuza ukurasa.

"Bwana Meneja. Kwinini, siku saba, wakati wa mvua kubwa. Nilikuletea mwenyewe nyumbani, asubuhi na jioni. Na mpishi wako, na mtunza bustani wako. Kama ni siku mbili kwa kila mtu, Bwana, hakuna ubaya. Tulipe wote tulioimeza, kila mtu siku mbili za mshahara wake mwenyewe. Nami nimo, nilikuwa na jipu."

Ng'ombe wa mkokoteni waliendelea kutafuna. Halafu kutoka kwenye nyasi Mama Akinyi akasema, bila kuinua sauti:

"Mpeni Bwana tikiti basi."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilianza chini kikapanda mlima. Hata wale waliokuwa hawaelewi Kiswahili vizuri walicheka kwa kuwatazama waliokielewa. Bwana Kengele aligeuka rangi mpaka masikioni. Akanisogelea nikadhani atanipiga, nikafumba macho. Hakunipiga. Alininyang'anya kitabu.

"Wewe si dresa tena! Toka! Leo!"

Akatia tena mkono kikapuni, mpaka kiwiko safari hii. Akasimama hivyo, ameinama, kama mtu aliyekamatwa na mtego. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Pima."

"Nipime vipi, Bwana?" akauliza karani.

"Pima yote! Andika yote! Pesi!"

Wakainuka. Vikapu vilipimwa mbio mbio, na nambari ya Odera ilipoitwa, watu wanne walikishika kikapu chake kwa pamoja, ingawa kilikuwa chepesi kuliko vyote. Karani akaandika. Mvua ya mawe ilipoanza, mkokoteni ulikuwa umefika kiwandani.

Ile amri ya siku mbili haikufutwa. Hakuna aliyeitangaza kuwa imekufa. Ilipofika siku ya malipo tikiti zilihesabiwa nzima, vyumba thelathini, na hakuna mkubwa aliyetaja neno dispensari. Mambo mengi ya dhuluma hufa hivyo, bila mazishi. Kikapu cha mgonjwa kiliendelea kupimwa, Odera akamaliza tikiti yake, akaanza nyingine, na mguu wake ukapona. Aliyeutibu ni Zakaria, aliyerudishiwa dispensari yake. Kwa kuwa hakujua kuandika, alijaza kitabu kwa alama zake: msalaba kwa kidonda, duara kwa homa, na mstari uliopinda kwa tumbo. Nilipokuja kurudishwa kazini baada ya miezi, nilikisoma kitabu kile chote bila shida. Hakikuwa na kosa hata moja.

Sasa mnataka jibu langu. Lipeni. Wewe ambaye hujaugua tangu Krismasi, lipa, na umshukuru Mungu kwamba mwaka huu ni wewe unayetia konzi. Lakini msilipe mkiwa mmeinamisha vichwa. Ulizeni majina yasomwe kwa sauti, na ya juu yasirukwe. Aliye na kikubwa atoe kwa ukubwa wake. Na mkiambiwa kwamba pesa zimekwisha na mgonjwa yuko nje ya mlango, msiende nyumbani. Kaeni kwenye nyasi. Uvumilivu niliofundishwa kanisani haukuwa uvumilivu wa kondoo peke yake. Mkulima naye huvumilia, na mkononi ana jembe.

Lakini sijawaambia habari za asubuhi yangu ya kwanza bila kazi.

Bwana Kengele alitaka kunifukuza kabisa. Arap Tonui alikwenda ofisini, akasema anapungukiwa wachumaji, nikapewa kikapu na nambari. Mikono yangu ilikuwa ya aidini na maji ya moto, laini kama ya mtoto. Nilichuma majani mawili na chipukizi kama nilivyoonyeshwa, lakini vidole vilichubuka, na wenzangu walikuwa wamefika ng'ambo ya bonde mimi nikiwa bado kwenye kichaka cha tatu.

"Dresa!" wakaniita. "Hicho kichaka kina homa? Mbona unakishika polepole hivyo?"

"Ameanzia miguuni!" mwingine akajibu.

Odera alirudi kuchuma siku ambayo tikiti yangu ya kwanza ilifika katikati, akichechemea, bendeji nyeupe chini ya suruali. Siku hiyo nilikuwa na malengelenge katika viganja vyote viwili na nilijua kwa uhakika kwamba uzito sitaufikia. Tulipokusanyika mizanini, niliinama kuinua kikapu changu. Hakikuinuka kirahisi. Nikakitazama. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, majani mabichi, yaliyochumwa na vidole vinavyojua kazi. Nikageuka nyuma. Odera alikuwa akitazama ng'ombe. Mama Akinyi alikuwa akifunga kitambaa chake kichwani, na mdomo wake umebana sindano.

Nambari yangu ikaitwa. Nikakisukuma mbele. Karani, yule yule wa tumbo, akatazama mizani, akanitazama viganja.

"Hii yote umechuma wewe, dresa?"

"La," nikasema. "Nimechumiwa."

Akashika kalamu. Watu wote walikuwa wakimtazama. Akaandika, akaita nambari iliyofuata.